Barua ya Riba Sufuri Ilitoka Wapi?

Wiki mbili zilizopita dada yangu alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp. Anaishi Minneapolis, kule Minnesota, Marekani, na kazi yake ni kuhudumia wazee wagonjwa, mara nyingi zamu za usiku. Barua ilikuwa ya benki. Karatasi safi, jina lake limeandikwa lote bila kosa, na katikati maandishi makubwa: lete deni lako la kadi kwetu, na kwa miezi 18 hatutakutoza riba. Sufuri. Utalipa ada ya asilimia 3 ya kuhamisha, basi.

Chini ya picha akaandika: "We kijana, si unajifanyanga unajua mambo ya pesa? Niambie, hii ni msaada ama ni mtego?"

Ningemjibu saa hiyo hiyo kama si jambo moja. Anadaiwa dola 6,000, na sehemu ya hizo ni karo yangu. Muhula wa mwisho niliosoma chuo, mathe alikuwa amekwama, mimi nimekwama, na dada akatoa keshi kwa kadi akatutumia. Miezi minne baadaye mimi nikaacha masomo. Karo ilienda, chuo kikaenda, lakini deni liko Minneapolis mpaka leo, linazaa kila mwezi.

Kwa hivyo sikutaka kumjibu na maneno ya mtandaoni, zile "vidokezo vitano vya kumaliza deni". Nilitaka kujua hii barua ni nani aliibuni, lini, na alikuwa anatafuta nini. Nimesoma siku kumi. Leo nawapea historia yenyewe, kwa sababu nimegundua inatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika kadi ya mkopo maishani.

Tuanze Fresno, California, Septemba 1958. Bank of America ilituma kwa posta kadi 60,000 kwa wateja wake wa mji huo. Hakuna mtu alikuwa ameomba. Unafungua bahasha, unapata kadi ambayo tayari inafanya kazi, na limiti ya dola mia kadhaa. Kadi zilikuwa zimeshaanza kabla ya hapo. Diners Club ilianza 1950, lakini hiyo ulilipa yote mwisho wa mwezi. Hii ya Fresno ilikuwa na jambo la ziada: ukitaka, lipa kidogo, zilizobaki zibebe hadi mwezi ujao, na riba juu. Hicho kitu kidogo, ruhusa ya kubeba deni, ndicho kilizaa kila kitu kingine katika hadithi hii.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Aliyesimamia mpango, Joseph Williams, alitarajia karibu asilimia 4 ya wateja wachelewe kulipa. Wakachelewa asilimia 22. Matapeli wakaingia, hasara ikafika mamilioni ya dola, na Williams akaondoka. Lakini benki haikufunga duka. Ilirekebisha, ikasubiri, na baada ya miaka michache kadi ikaanza kuleta faida. Mwaka 1976 ikapewa jina ambalo hata dukawala wa mtaani kwenu analijua: Visa.

Wabunge wa Marekani walikasirishwa na tabia ya kutumia watu kadi ambazo hawajaomba, na mwaka 1970 ikapigwa marufuku. Tangu hapo benki inaweza kukutumia barua ya kukushawishi, sio kadi yenyewe. Kwa hivyo barua aliyopata dada ni mjukuu wa bahasha za Fresno. Kadi ilikatazwa, ushawishi ukabaki.

Sasa, kulikuwa na ukuta mmoja uliobaki. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuweka kikomo cha riba. Na hapa hadithi inaingia mtaa wa dada yangu kabisa.

Minnesota iliweka kikomo cha asilimia 12. Jimbo la Nebraska liliruhusu asilimia 18 kwa madeni ya chini ya dola 1,000. Benki moja ya Omaha, Nebraska, ikaanza kutafuta wateja wa kadi huko Minnesota, na kuwatoza riba ya Nebraska. Benki ya Minneapolis iliyoitwa Marquette ikaenda kortini: hawa wanakujaje kwetu na riba yao? Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Desemba 1978 majaji wote wakakubaliana kwamba, kwa sheria ya benki za kitaifa iliyokuwepo tangu miaka ya 1860, benki ya aina hiyo inaweza kutoza riba ya jimbo lake la nyumbani hata kama mteja anaishi jimbo lingine.

Soma tena pole pole. Kikomo cha jimbo lako hakikulindi tena. Kinachohesabika ni benki inalala wapi.

Unajua kilichofuata. Miaka hiyo mfumuko wa bei ulikuwa mkali Marekani, na riba ambayo benki zilitoza wateja wao wakubwa kabisa ilipita asilimia 20 mwishoni mwa 1980. Citibank ya New York ilikuwa inapata pesa kwa bei ghali na kuzikopesha watu wa kadi kwa riba ambayo sheria ya New York iliibana chini ya hapo. Ilikuwa inavuja damu. Mkuu wake, Walter Wriston, akaanza kutafuta jimbo lingine la kulala. Akapata South Dakota, jimbo lililokuwa na shida ya kiuchumi na lilikuwa limeondoa kikomo chake cha riba. Gavana Bill Janklow alitaka ajira, Citibank ilitaka uhuru. Wakapatana, na mwaka 1981 shughuli za kadi zikahamia mji wa Sioux Falls. Jimbo la Delaware likaona, nalo mwaka huo huo likapitisha sheria yake ya kukaribisha benki. Ndiyo sababu hadi leo Mmarekani akilipa kadi, mara nyingi anwani ni ya South Dakota au Delaware. Kutoka kwa dada hadi Sioux Falls ni kama saa nne kwa gari. Hajawahi kufika, lakini riba yake hufika huko kila mwezi.

Mpaka hapa hakuna mtu amefikiria kuhamisha deni. Hilo lilikuja kwa sababu ya jambo la ajabu kidogo.

Miaka ya 1980 ikienda, gharama ya pesa kwa benki ilishuka sana. Ungetarajia riba ya kadi nayo ishuke. Haikushuka. Ilikaa palepale, asilimia 18 au 19, kama imegandishwa na gundi. Mwaka 1991 mwanauchumi Lawrence Ausubel alichapisha utafiti akiuliza swali ambalo mama mboga angeuliza: kama kuna maelfu ya benki zinauza bidhaa ileile, mbona bei haishuki? Sehemu ya jibu lake ilikuwa kwamba watu wengi wakichukua kadi hawana mpango wa kubeba deni, kwa hivyo hawaangalii riba. Halafu wanabeba.

Novemba mwaka huo Rais George H. W. Bush akasema hadharani kwamba riba za kadi zinafaa kushuka. Siku chache hazijaisha, Seneta Alfonse D'Amato akaleta pendekezo la kuweka kikomo cha asilimia 14, na Seneti ikalipitisha kwa kura 74 dhidi ya 19. Soko la hisa likaingiwa na baridi. Siku mbili baadaye faharasa ya Dow Jones ikaanguka pointi 120, na pendekezo likafa kimya kimya kabla kuwa sheria.

Serikali ilishindwa kushusha riba. Walioishusha, kwa njia yao, ni vijana wawili.

Richard Fairbank, Mmarekani, na Nigel Morris, Mwingereza, walikuwa washauri wa biashara. Waliona kitu ambacho benki hazikuwa zimeona. Benki zilikuwa zinampa kila mteja bei moja: mkorofi na mwaminifu, anayelipa yote na anayebeba, wote asilimia 19 na ada ileile ya mwaka. Wao wakasema kadi si benki, kadi ni habari. Ukiwa na data ya kutosha na kompyuta, unaweza kumjua kila mtu na kumpa bei yake. Walizunguka na wazo hilo, benki nyingi zikawakataa, mpaka benki ya Signet ya Richmond, Virginia, ikawachukua mwaka 1988.

Walifanya kazi kama watu wa maabara. Barua aina hii kwa kikundi hiki, aina ile kwa kikundi kile, riba tofauti, bahasha tofauti, halafu unakaa unahesabu nani amejibu na nani amelipa. Miaka ya kwanza mambo hayakuwa mazuri. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jaribio moja likawaka moto: mwambie mtu ambaye tayari ana deni kwa benki nyingine alihamishie kwako, na umpe riba ya chini kwa muda. Riba ya kuonja. Muda ukiisha, bei inapanda.

Angalia ujanja wake. Shida kubwa ya kukopesha mtu usiyemjua ni kwamba huenda hataki kulipa. Lakini mtu anayesumbuka kujaza fomu ili ahamishe deni apunguziwe riba, huyo anakuonyesha vitu viwili kwa mpigo mmoja. Kwanza, ana mpango wa kulipa, maana asiyelipa hajali riba ni ngapi. Pili, anabeba deni, kwa hivyo ataleta riba. Mlipaji mbebaji. Kwa benki huyo ni ng'ombe wa maziwa, na barua ilimfanya ajitokeze mwenyewe mlangoni bila kufuatwa.

Biashara ilikua hadi mwaka 1994 Signet ikaamua kuitenga kama kampuni ya peke yake: Capital One. Wengine wote wakaiga. Sanduku za posta za Wamarekani zikajaa barua, na riba ya kuonja ikashuka mwaka baada ya mwaka mpaka ikagonga sufuri.

Hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu ni rahisi kuandika hii story kama sinema ya wabaya na wazuri. Mashindano hayo yalisaidia watu. Kuna Wamarekani wengi waliohamisha deni la asilimia 19, wakakaza mkanda, wakamaliza, wakaokoa pesa nyingi. Ile gundi ambayo Seneti haikuweza kuibandua, barua ziliibandua.

Lakini hakuna benki inayokopesha bure kwa mapenzi. Swali la kujiuliza ni: faida inatoka kwa nani? Inatoka kwa yule ambaye hakumaliza.

Na kuna waliohakikisha hamalizi. Mtego uliokuwa maarufu ulikuwa kwenye mpangilio wa malipo. Chukua mfano. Umehamisha dola 6,000 kwa riba sufuri. Halafu kwa kadi hiyohiyo mpya ukanunua vitu vya dola 1,000, na manunuzi yana riba ya asilimia 22. Unalipa dola 400 kila mwezi, ukijua unapigana. Benki zilikuwa zinaelekeza malipo yote kwa lile deni la riba sufuri kwanza. Miezi 15 mizima unapunguza deni ambalo halikuumizi, huku lile la dola 1,000 limekaa kwenye kona linanenepa, zaidi ya dola 18 kila mwezi, na huruhusiwi kuligusa.

Wengine walicheza na ahadi zenyewe. Mwaka 2000 kampuni ya kadi ya Providian ya San Francisco ilikubali kurudishia wateja angalau dola milioni 300, baada ya wasimamizi wa benki na ofisi ya mwendesha mashtaka wa mji huo kuichunguza. Mojawapo ya mambo yaliyolalamikiwa ni jinsi ilivyowavuta watu wahamishe madeni kwa ahadi ya riba nafuu bila kuwaeleza vizuri akiba yenyewe ni ndogo kiasi gani.

Sheria ilichelewa, lakini ilikuja. Tarehe 22 Mei 2009 Rais Obama alitia saini sheria inayoitwa CARD, na sehemu kubwa yake ikaanza kazi Februari 2010. Ilisema pesa unazolipa juu ya kiwango cha chini ziende kwanza kwa deni lenye riba kubwa zaidi. Riba ya kuonja idumu angalau miezi sita. Benki isikupandishie riba ya deni la zamani ovyo, labda uwe umechelewa siku 60. Na taarifa ya kila mwezi iwe na kisanduku kinachokuonyesha ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza lini. Nilimwambia dada atafute hicho kisanduku kwa taarifa yake. Alikuwa anakipata kila mwezi kwa miaka yote hiyo. Hakuwahi kukisoma.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna sheria iliyokigusa, na sidhani kama inaweza. Ukihamisha deni, ile kadi ya zamani inabaki tupu. Limiti yote imerudi. Inakuangalia.

Hii ndiyo sehemu ambayo dada hakuniambia mara moja. Barua hii si ya kwanza. Aliwahi kuhamisha dola 4,000 miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa analipa vizuri. Halafu babu akafariki, tiketi ya ndege ikahitajika leo leo, na kadi ya zamani ilikuwa hapo, safi. Baada ya mazishi, tangi la maji la mathe. Baada ya tangi, karo yangu. Muda wa sufuri ulipoisha, kadi mpya ilikuwa bado na dola 1,800 na ya zamani ilikuwa imepanda hadi 4,200. Aliingia na deni moja la 4,000, akatoka na mawili ya 6,000. Na ile ya karo ndiyo iliyouma zaidi, kwa sababu ukitoa keshi kwa kadi, riba huanza siku hiyohiyo, na mara nyingi huwa juu kuliko ya manunuzi.

Nikikaa na hiyo hesabu, siwezi kusema benki ndiyo iliyomfilisi. Sisi ndio tulijaza ile kadi. Kila "dada, kuna shida kidogo" yetu ilikuwa inaandikwa Sioux Falls ama Delaware kwa asilimia 24.

Sasa mtu wa Kayole ama Kisauni ataniuliza, hii inanihusu nini na sina kadi? Ngoja.

Simu yako ndiyo kadi yako. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Halafu kampuni za apu zikaja, na kati ya zile za kwanza kushika soko letu mbili zina mizizi California, jimbo lilelile la Fresno. Tala, ambayo ilianza hapa 2014 ikiitwa Mkopo Rahisi, ni ya Santa Monica. Branch, iliyoingia 2015, ni ya San Francisco. Na wazo lao ni mtoto wa lile la Fairbank na Morris: mkopo ni habari, soma data ya mtu, mpe kidogo, angalia analipaje, mwongezee. Badala ya bahasha, meseji.

Hata vita vya kikomo cha riba tulivipigana. Mwaka 2016 Bunge letu liliweka kikomo kwa benki, pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu, na Novemba 2019 kikaondolewa. Katikati hapo benki zilibana mikopo ya watu wadogo, na apu, ambazo sheria ile haikuzigusa kwa sababu hazikuwa benki, zikaendelea kumea. Kila mahali riba ikibanwa upande mmoja, inatafuta mlango mwingine. Minnesota walijua hilo mapema.

Na sisi pia tunahamisha deni, tena kila siku. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na apu tano. Ya kwanza ikidai, nakopa ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili. Nilikuwa najiona mjanja kwa sababu sikuwahi kuchelewa, na limiti zilikuwa zinapanda. Lakini angalia tofauti na Wamarekani: wao wanahama kutoka asilimia 24 kwenda sufuri. Mimi nilikuwa nahama kutoka ghali kwenda ghali. Chukua shilingi 5,000 kwa ada ya asilimia 7.5 ya mwezi. Ni shilingi 375. Izungushe miezi 12 bila kupunguza deni lenyewe, umelipa shilingi 4,500, na bado unadaiwa 5,000 uleule. Huko si kuhamisha deni. Ni kununua siku 30, mara 12.

Kitu kinachofanana na barua ya dada hapa kwetu ni benki ama sacco kukununulia mkopo: inalipa deni lako kule, unakuwa wao. Hiyo inaweza kuwa nafuu ya kweli. Lakini iangalie kwa macho ya Fresno. Mara nyingi wanakupunguzia malipo ya mwezi kwa kukurefushia miaka, na wanakuongezea kitu kidogo juu "ya kujisaidia". Riba imeshuka, deni limepanda. Hesabu jumla utakayolipa mpaka mwisho. Malipo ya mwezi peke yake hayakuambii kitu.

Kuna neno moja la Pwani lililonikamata katikati ya kusoma. Hawala. Wengi tunalijua kama kutuma pesa, lakini katika sheria ya Kiislamu hawala ni kuhamisha deni, na kinachohama ni mdaiwa. Deni linatoka shingoni mwangu linaenda shingoni mwa mwingine aliyekubali kulibeba, mdai akikubali mimi niko huru, na hakuna nyongeza. Biashara ya kadi iligeuza hiyo picha. Deni linabadilisha mdai, na shingo inabaki ileile.

Basi nikampigia dada simu, Jumapili, asubuhi kwake. Nikamwambia barua ni msaada na ni mtego, zote mbili kwa bahasha moja, na kinachoamua ni hesabu. Leo kwa dola 6,000 na asilimia 24, riba ni karibu dola 120 kwa mwezi. Yeye analipa 150. Maana yake anapunguza deni kwa dola 30 tu. Akihamisha, ada ni dola 180, deni linakuwa 6,180. Ligawe kwa miezi 18: dola 343 na senti. Akilipa hizo bila kukosa, anamaliza. Akiendelea na 150 zake, siku ya mwisho ya sufuri atakuwa bado na dola 3,480, na barua inasema kwa herufi ndogo kwamba kuanzia hapo riba ni karibu asilimia 27. Tunarudi palepale.

Nikamwambia pia asinunue hata chai kwa hiyo kadi mpya, kwa sababu akiwa na deni lililohamishwa, manunuzi mapya yanaweza kuanza kula riba siku ileile. Aweke malipo yajitoe benki yenyewe, asitegemee kumbukumbu baada ya zamu ya usiku. Na zile kadi za zamani zisilale kwa pochi.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Hesabu nimeelewa. Dola 343 naweza. Lakini unajua nikianza kulipa hiyo, siwezi kutuma kitu nyumbani mwaka mzima na nusu. Nani atamwambia mathe?"

Nilikuwa nimesoma kesi za mahakama na kura za Seneti, na swali lenyewe lilikuwa hilo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakusema nani atakosa chakula wakati unalipa.

Nikamwambia, "Mimi nitamwambia." Na tukakubaliana na kitu kingine: sehemu ya karo ni yangu. Ni dola 900. Nimeanza kutuma dola 50 kila mwezi kutoka kwa hizi kazi za video, mara ya kwanza pesa kutoka Kenya kwenda kwake na si kutoka kwake kuja kwetu. Kwa miezi 18 inakuwa 900 kamili. Kwa hivyo kwake inabaki dola 293 na senti.

Hiyo ni hawala kidogo. Deni limehama shingo.

Mathe nilimwambia jana. Alisikiliza yote, akaniuliza, "Kwa hivyo lile tangi lilinunuliwa na deni?" Nikasema ndiyo. Akaenda nje akasimama pale kwa tangi kitambo. Aliporudi alisema tusimwambie dada kwamba linavuja.